Darasa Lililovaa Mkanda

Wadogo zangu mnaosubiri likizo mkaombe kazi ya ujenzi, kaeni hapo mnisikilize. Mimi nimestaafu. Msicheke. Najua ndevu zangu hata mtu mvivu anaweza kumaliza kuzihesabu, na najua bado niko shuleni, tena kwa kusukumwa. Lakini likizo zangu zote tangu nilipoacha kulia nikinyolewa nimezitumia kwa Fundi Odera, nikijenga nyumba za mawe hapa Nakuru. Sasa mama ameamua kwamba mwaka huu ni wa vitabu kwa sababu ya mtihani wa mwisho. Mtu akiachishwa kazi na mama yake, huyo amestaafu. Pensheni hakuna, kuna uji.

Kwa hiyo nawaachia nilichojua, kabla sijakisahau kwa ajili ya jiometria.

Kazi yetu ina jambo moja ambalo fundi wa mji mwingine halimsumbui. Hapa ardhi hucheza. Nyinyi wenyewe mnajua: vikombe vinaanza kupiga soga kabatini, mbwa ananyamaza, nyanya anatoa shahada, halafu kila mtu anarudia chai yake. Fundi Odera alikuwa na maelezo yake. "Huko chini ya mlima Menengai iko sufuria," alikuwa akisema, "na kule Olkaria mfuniko imefunguka kidogo, ndiyo unaona ile mvuke. Sasa wewe unajenga nyumba juu ya jiko ya mtu. Jenga kama mtu anajua."

Fundi Odera alitoka Nyanza akiwa kijana, akaletwa na kazi za reli, akabaki. Mtu mkubwa, goti moja bovu, sauti ya kuita treni irudi. Akijisifu hujitaja kwa jina kama anayemsifu mtu mwingine: "Odera hajawahi kukosea pembe!" Wakati huo huo timazi, ile kamba yenye kizito ya kupimia wima, inaning'inia mbali na ukuta kama mtu aliyegombana na mkewe. Alikuwa akikosea. Tofauti yake na wengine ni kwamba alibomoa makosa yake yeye mwenyewe, huku akiyatukana.

Siku yangu ya kwanza hakunipa mwiko. Alinipandisha juu ya mkokoteni.

"Simama hapo. Funga macho. Miguu pamoja. Wewe sasa ni nyumba."

Nikawa nyumba. Akauvuta mkokoteni kwa ghafla, nikaanguka juu ya mchanga. Mafundi wakapiga makofi.

"Panda tena. Tanua miguu, legeza goti."

Akavuta, nikayumba, nikabaki nimesimama. Nikaanza kutabasamu. Kumbe bado. Akanitwika debe la maji kichwani, akavuta tena. Sitaki kueleza. Nilirudi nyumbani nikiwa nimelowa hadi mfukoni, na mama akauliza kama Fundi Odera anajenga nyumba au anabatiza watu.

Lakini hebu fikirieni. Nilijua kabla ya kushika jiwe kwamba nyumba haiuawi na kusukumwa. Inauawa na kile ilichobeba kichwani inaposukumwa. Paa zito ni lile debe. Mengine yote niliyojifunza baadaye yalikuwa hivyo hivyo, ya mwili. Dirisha usiliweke karibu na pembe, kwa sababu pembe ndiyo kiwiko cha nyumba, na wewe ukitobolewa kiwiko hutabeba kitu. Mawe yetu ya huku ni mepesi, yana vitundu kama mkate, na yana kiu. Usipoyalowesha kabla ya kuyajenga, yanakunywa maji yote ya simiti na kukuachia unga mkavu katikati. Nimewahi kusukuma ukuta wa namna hiyo kwa mkono mmoja, ukaondoka kama mgeni aliyekosa chakula. Na ukimwona fundi anajenga mawe makavu huku anapiga mluzi, pita upande wa pili wa barabara.

Sasa nije kwenye lile darasa.

Wazazi wa mtaa wa Bondeni waliamua kujenga chumba cha mawe kwa watoto wa darasa la kwanza, ambao walikuwa wakisomea kwenye ubaraza wa msikiti, wakinyeshewa upande mmoja na kupigwa jua upande mwingine. Kazi akapewa Fundi Odera. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Abdalla, fundi cherehani mwenye kibanda karibu na soko, ambaye babu yake alikuja na karavani kutoka pwani na kuacha Kiswahili chake kikiwa kimepigwa pasi hadi leo. Mzee Abdalla hatembei bila utepe wake wa kupimia shingoni. Nadhani hulala nao.

Mimi darasa hilo lilinihusu kwa sababu ya Zena, mdogo wangu. Zena alikuwa tayari anasoma maandishi ya gunia la sukari kwa sauti, akikosea kwa ujasiri mkubwa. Lakini mama alikataa katakata.

"Mwanangu hakai chini ya mawe," alisema. "Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya miti na udongo. Ardhi ikitikisika ile nyumba inacheza kama kapu, inarudi, tunalala. Jiwe likicheza linarudi wapi? Kichwani kwa mtu."

"Mama, ni shule. Zena atakaa bila shule?"

"Atakuwa mjinga aliye hai."

Niliyapeleka maneno hayo kwa Fundi Odera nikidhani atakasirika. Aliacha kuchanganya simiti.

"Mama yako iko na haki," akasema. "Kapu haivunjiki kwa sababu imefungwa yote pamoja. Ukuta ya mawe ni marafiki wanne wamesimama tu, hakuna mtu ameshika mkono ya mwingine. Mwambie Odera atafanya mawe iwe kapu."

Njia yake ilikuwa ni mikanda. Kila baada ya safu chache za mawe unalaza bamba jembamba la chuma ndani ya simiti, kuzunguka nyumba. Na juu kabisa, pale ukuta unapokutana na paa, unamwaga mkanda mmoja mnene wa simiti na vyuma, unaozunguka kuta zote bila kukatika. Mama akasema sawa, atakuja kuuona huo mkanda kwa macho yake. Usipokuwepo, Zena anarudi kwenye gunia la sukari.

Basi tukajua tunachojengea. Ila kamati nayo ilikuwa na ndoto yake.

Mzungu mmoja wa shamba upande wa Lanet alikuwa amebomoa nyumba yake ya zamani, akawapa wazazi vigae vya paa bure. Vigae vyekundu, vizito, vizuri ajabu. Mzee Abdalla alivigusa kama mtu anayegusa kitambaa cha suti. Alitaka paa la vigae, na alitaka liezekwe kabla ya masika. Mkanda wa simiti ungechelewesha, maana ukishamwagwa lazima ukae siku nyingi ukinyweshwa maji ndipo upate nguvu.

"Fundi," alisema barazani kwake, kamati yote imekaa, "mvua haingoji mtu. Ukuta wako umenyooka, alhamdulillahi. Tuweke vigae, watoto waingie. Hiyo mikanda ni mapambo."

"Mzee, vigae ni debe ya maji."

"Ni nini?"

"Uliza huyu kijana. Yeye alilowa."

"Mimi sisemi habari za madebe. Nasema habari za mvua."

"Basi tafuta mtu mwingine ya kujenga. Odera hajengi kaburi ya watoto."

Hapo baraza lilichafuka. Mjumbe mmoja akasema mafundi wako wengi Nakuru. Na mimi nikaona darasa linapata fundi mpya, vigae vinapanda juu, mama anafunga mlango, na Zena anazeeka na gunia lake. Nikasimama. Nikasema, "Wazee wangu, naomba Jumamosi niwaonyeshe kitu." Sikuwa na kitu. Kitu chenyewe nilikitafuta njiani nikirudi nyumbani.

Nilitengeneza matofali ya udongo kwa kutumia kiberiti kitupu kama kalibu, nikayaanika juu ya bati. Nikajenga vyumba viwili, kila kimoja ukubwa wa kiota cha kuku. Cha kwanza cha kawaida. Cha pili nikakiwekea mikanda niliyokata kutoka kopo la biskuti, nikafanya kila kitu kama nilivyoona mafundi wetu wakifanya ukutani. Nikaviweka vyote juu ya sinia la mama, la pilau, na chini ya sinia nikapanga gololi. Ukilivuta sinia, linateleza huku na huku. Tetemeko la mezani. Nilijiona nina akili mno. Jumamosi hata Fundi Odera alikuja barazani kwa Mzee Abdalla amevaa shati la Jumapili.

Kamati ikakaa. Nikaweka kigae kimoja juu ya kila chumba. Nikasema kwa sauti ya mhubiri, "Wazee, angalieni nyumba isiyo na mkanda!" Nikavuta.

Nyumba isiyo na mkanda ikapasuka pembeni, ikaumia kidogo, ikabaki imesimama.

Nyumba yenye mikanda ikafunguka kama maganda ya ndizi. Kuta nne, kila moja ikalala upande wake, na kigae kikaanguka katikati, pu!

Kamati ilicheka hadi mtu mmoja akatoka nje kupata hewa. "Kijana ametuonyesha!" "Mkanda ni hatari, mkatazeni Odera asivae!" Fundi Odera alianza kufungua kifungo cha juu cha shati lake la Jumapili. Mimi nilikuwa nimeshika sinia nikitafuta pa kuingiza kichwa.

Aliyekuwa hacheki alikuwa Mzee Abdalla. Alivaa miwani. Akainama, akaokota kibati kimoja cha biskuti, akakiweka kando ya kingine.

"Swaleh," akaniita kwa jina, "huu ndio mkanda?"

"Ndiyo, mzee."

"Huu si mkanda. Hivi ni vipande vinne. Kila kimoja kimelala kwenye ukuta wake na kimeishia pembeni, na tena kimezuia matofali yasishikane. Mimi nikikushonea suruali, kiuno nikakikata kila pembe ya mwili wako, utafika wapi nayo?"

"Mlangoni, mzee."

"Hata mlangoni hufiki. Nani amekufundisha kukata penye kona?"

"Hakuna aliyenifundisha. Nimefanya kama ilivyo kule ukutani."

Kicheko kikakatika. Fundi Odera akainuka. "Ukutani wapi?"

"Kwenye darasa, fundi."

Tukaenda sote, kamati nzima, hadi kwenye jengo. Kuta zilikuwa zimefika juu ya madirisha. Fundi Odera kwa sababu ya goti lake hakuwa amepanda jukwaa siku nyingi, alikuwa akitoa amri kutoka chini. Sasa alipanda. Akakwangua simiti mbichi penye pembe kwa ncha ya mwiko, akatazama. Akaenda pembe ya pili. Ya tatu hakukwangua.

Mambo yalikuwa hivi: yale mabamba yetu ya chuma yalitoka stesheni, ni yale yanayofungia marobota ya mizigo. Yakikatwa robota linapofunguliwa, yanabaki mafupi, na yana ubishi kukunja. Mafundi wakaona urefu unatosha ukuta mmoja vizuri tu, kwa nini wahangaike na kona? Walikuwa wakiyalaza na kuyakomesha pembeni. Kila mtu alidhani anafanya sawa, kwa sababu chuma kimo ndani na hakionekani. Ingekuwa si lile sinia, tungepaka plasta juu yake tukaenda zetu.

Fundi Odera akakaa juu ya ukuta, miguu inaning'inia. Nilidhani atatukana. Akasema tu, "Leteni mtaimbo."

"Fundi," akasema mjumbe mmoja, "utabomoa? Na mvua hiyo inakuja?"

"Hii ni marafiki wanne wanasimama na kamba mfukoni. Leteni mtaimbo."

Akaanza yeye, safu ya juu kwenda chini, hadi mkanda wa kwanza. Mawe tukayapokea, tukayasafisha, tukayalowesha upya. Mzee Abdalla alisimama pale muda mrefu, kofia mkononi, akitazama jinsi tunavyojaribu kukunja chuma kwenye pembe. Halafu akavua utepe wake shingoni.

"Msiyaunganishe kwenye kona," akasema. "Kona ndiyo inayovutwa. Mimi mshono wa kiuno siuweki penye nyonga. Kunja, pitisha kona, ndipo uyapishanishe katikati ya ukuta. Na yapishane vya kutosha, siyo yabusiane tu." Akapima mwenyewe, akatia alama kwa chaki yake ya cherehani. Fundi Odera akamtazama, akatazama alama.

"Mzee, umekosa kazi yako. Ulifaa kuwa fundi ya mawe."

"Nawe umekosa fundi wa nguo, Bwana Odera. Suruali yako imekosa kiuno tangu nikujue."

Kuanzia hapo walikuwa maswahibu, maana walitukanana kila siku.

Suala la vigae bado lilikuwepo. Mzee Abdalla alikubali mkanda wa juu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye vile vyekundu. Fundi Odera akausogeza mkokoteni. "Mzee, panda." Mzee akasema hapandi upuuzi. Kisha akapanda, akiwa ameshika kigae kimoja juu ya kofia yake, mgongo wima kama mnara. Fundi akauvuta kidogo tu, kwa heshima. Mzee akayumba upande, akarudi, akayumba zaidi. Tukamdaka. Akashuka, akanyoosha kanzu, akanyoosha kofia, akasema neno moja.

"Mabati."

Vigae vikawa njia ya kwenda choo cha shule. Hakuna mtu Nakuru anayekwenda haja kwa adabu kama watoto wa Bondeni.

Mkanda wa juu tuliumwaga asubuhi moja bila kusimama, kwa sababu ukisimama katikati unaacha mshono, na mshono ni mlango wa ufa. Tukaufunika kwa magunia mabichi. Kazi ya kuyanywesha ilikuwa yangu. Siku ya tatu mvua ikaja, ile ile waliyokuwa wakiiogopa, ikanisaidia kazi bure na mimi nikakaa chini ya mti nikiisimamia. Darasa lilifunguliwa watoto wakiwa wamechelewa majuma machache. Mama akaja, akauzunguka mkanda kwa macho, pembe hadi pembe, akitafuta mahali umekatika. Hakupata.

"Ataingia," akasema. "Lakini siku nyumba hii ikitingishika mara moja tu, namtoa, na harudi."

Mwajua Nakuru. Siku hiyo haikukawia sana.

Ilikuwa asubuhi, mimi niko shuleni kwetu, mwalimu anachora pembetatu ubaoni. Chaki ikaruka. Kisha sakafu ikasogea kama mtu anayevuta zulia chini yenu, madirisha yakalia, na tukasikia ule mngurumo unaotoka chini ya miguu. Ulikatika upesi. Wenzangu walianza kucheka kama watu wanavyocheka wakiwa wameogopa. Mimi nilikuwa nje tayari. Nilikimbia kuteremka hadi Bondeni, na sikumbuki niliruka uzio upi.

Darasa lilikuwa limesimama. Watoto walikuwa uwanjani wakirukaruka, kila mmoja akieleza mwenziwe kitu ambacho mwenziwe alikiona. Zena akanishika shati.

"Swaleh! Mwalimu alitoka wa kwanza! Alipita juu ya dawati!"

Mwalimu alikuwa karibu hapo akikung'uta vumbi, akitazama mawingu.

Mama akafika na unga mikononi. Hakusalimia mtu. Akaingia ndani kuchukua mkoba wa Zena, nami nikamfuata nikiomba, na ndipo sote wawili tukauona. Kutoka pembe ya dirisha la nyuma ulikuwa umeanzia ufa. Mwembamba, ungepitisha unywele. Ulipanda kwenye plasta kwa mshazari, ukielekea juu.

"Unaona?" mama akasema. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

Fundi Odera akaja akihema, alikuwa kwenye kazi nyingine upande wa stesheni. Mzee Abdalla nyuma yake, sindano ingali mdomoni. Fundi aliutazama ufa mara moja. Alisogeza dawati, akapanda juu yake na lile goti, akaufuata ufa kwa kidole, taratibu, hadi juu. Kidole kikasimama.

"Mama Swaleh, njoo uone."

Mama akasogea.

"Hapa imeanza, kwa dirisha, kwa sababu dirisha ni mahali ya uchovu. Ikapanda. Ilikuwa inataka kwenda juu, itoke, ifungue pembe. Imefika hapa." Akapiga mkanda kwa kofi lake. "Imekuta mlango umefungwa. Angalia hii upande nyingine. Hakuna kitu. Angalia pembe. Hakuna kitu."

Mama akapanda juu ya dawati la pili. Mama yangu, mbele ya watoto wote waliojazana mlangoni. Akaweka kidole chake cha unga pale ufa ulipokomea. Akauzunguka mkanda kwa macho tena, kama siku ile.

"Kwa hiyo nyumba imevunjika au haijavunjika?"

"Imefanya kazi yake, mama. Imechoka kidogo, kama wewe na mimi."

"Na ardhi ikirudi?"

"Itarudi. Hiyo siwezi kudanganya. Na mkanda utakuwa hapo."

Mzee Abdalla alitoa sindano mdomoni. Zena alikuwa amepenya kati ya miguu ya watu, amesimama kwenye dawati lake, anaangalia mkoba wake ulio mkononi mwa mama.

Mama akashuka. Akauweka mkoba juu ya dawati, akaufuta unga alioupaka.

"Basi akae," akasema. Halafu akamgeukia mwalimu. "Lakini wewe, mwalimu, utafundishwa kuwapisha watoto mlangoni."